Kupungua si Kupungukiwa: Mbio, Vyuma na Amana ya Mwili

Uzito wa mwili ni jumla ya vitu visivyofanana. Ndani ya kilo 120 za mtu mnene mna mafuta, misuli, mifupa, damu, maji na viungo vya ndani kama ini na moyo. Mizani huvijumlisha vyote na kutoa namba moja. Haielezi kilo iliyoondoka ilitoka wapi. Mtu anayejinyima chakula bila mazoezi yoyote hupoteza mafuta, lakini kwa kawaida karibu robo ya uzito anaoupoteza hutoka katika sehemu isiyo mafuta, misuli ikiwamo. Akishuka kilo 30 kwa njia hiyo, huenda kilo saba hivi zikawa ni za ule mwili uliokuwa ukimbeba.

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyoliweka suala hili wazi. Kupungua ni kuwa kidogo kuliko awali. Kupungukiwa ni kukosa kitu kinachohitajika. Mtu anaweza kupungua bila kupungukiwa, na anaweza kupungua akapungukiwa vilevile, na mizani ikaonyesha namba ileile. Tofauti ya hali hizo mbili ni ya kitabibu, lakini pia ni ya maadili na ya dini, kwa kuwa inategemea mtu anauona mwili wake kuwa nini: adui wa kutiishwa, mali ya kufanyia apendavyo, au amana aliyokabidhiwa. Kuchanganya mazoezi ya mbio na ya kunyanyua vyuma, njia inayopendekezwa kwa mtu mwenye uzito mwingi wa kupunguza, kunaeleweka vizuri zaidi kwa jibu la tatu. Mwenye kukabidhiwa amana ana wajibu wa namna mbili kwa wakati mmoja: kuondoa kinachoiharibu, na kulinda kilicho chake.

Kazi ya mbio na kazi ya vyuma

Mazoezi ya moyo na mapafu, yanayoitwa hapa mbio kwa kifupi, ni yale yanayoendesha misuli mikubwa mfululizo: kutembea kwa haraka, kukimbia taratibu, kuendesha baiskeli, kuogelea, kuruka kamba. Mapigo ya moyo hupanda, pumzi huongezeka, na mwili huchoma mafuta na sukari kwa msaada wa oksijeni. Mchango wake mkubwa katika kupungua ni kutumia nishati kwa muda mrefu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takribani kilokalori 7,700. Mtu wa kilo 120 akitembea kwa haraka saa nzima hutumia kilokalori 400 hadi 500 hivi, kwa hiyo kilo moja ya mafuta ni sawa na saa 15 hadi 20 za mwendo. Chapati mbili za kukaanga na kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari zinaweza kuirudisha nishati ya saa nzima kwa dakika kumi za kukaa mezani. Ndiyo maana mbio peke yake, bila utaratibu wa chakula, hupunguza kidogo kuliko watu wanavyotarajia.

Mazoezi ya nguvu, yaani ya vyuma, hufanya kazi nyingine. Mfano wake rahisi ni dumu la maji la lita 20, ambalo likijaa lina kilo 20. Mtu husimama miguu ikiwa imepanuka kadiri ya mabega, dumu likiwa kati ya nyayo. Huchuchumaa mgongo ukiwa umenyooka, hulishika dumu kwa mikono miwili, huvuta pumzi, kisha huisukuma ardhi kwa nyayo mpaka asimame wima. Katika tendo hilo moja misuli ya mapaja, makalio, mgongo na viganja imeshirikiana. Akirudia mara nane au kumi, akapumzika dakika mbili, akaanza tena, ameuambia mwili kwamba misuli hiyo ingali na kazi. Mwili unaopewa chakula pungufu hutafuta akiba ya kutumia, na misuli inayodaiwa kazi hubaki zaidi kuliko misuli iliyolala, hasa mlo ukiwa na protini ya kutosha: maharage, dagaa, mayai, samaki, maziwa.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha matokeo ya watu wazima 119 wenye uzito uliozidi, waliofuatiliwa kwa miezi minane katika makundi matatu. Kundi la mbio lilipoteza mafuta zaidi ya kundi la vyuma. Kundi la vyuma liliongeza misuli. Kundi lililochanganya lilipata faida zote mbili, ingawa lilitumia karibu muda maradufu, na mafuta yake hayakupungua kwa tofauti kubwa kuliko ya kundi la mbio. Mwaka 2017 mtafiti Dennis Villareal na wenzake walitangaza utafiti wa wazee wanene 160 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Makundi matatu yaliyopangiwa chakula na mazoezi yote yalipungua asilimia 9 ya uzito kwa miezi sita. Lakini sehemu isiyo mafuta ilishuka asilimia 5 kwa waliofanya mbio tu, asilimia 3 kwa waliochanganya na asilimia 2 kwa waliofanya vyuma tu. Uwezo wa kutenda mambo ya kila siku, kama kuinuka kitini na kupanda ngazi, ulipanda asilimia 21 kwa waliochanganya na asilimia 14 kwa kila kundi kati ya hayo mengine mawili. Mizani ilisema hawa wote ni sawa. Miguu yao ilisema vingine.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 nayo imeyaweka mazoezi haya pamoja: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani ya moyo na mapafu, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Kuna mpaka wa kuchanganya, hata hivyo. Mwaka 1980 mtafiti Robert Hickson alionyesha kwamba watu waliofanya mazoezi makali ya aina zote mbili karibu kila siku waliacha kuongezeka nguvu mapema kuliko walionyanyua vyuma tu. Kwa mtu mnene anayeanza, mgongano huo ni mdogo. Inatosha kunyanyua kabla ya mbio wakati mwili haujachoka, au kuzigawa kazi hizo katika siku tofauti.

Mwili ukiwa adui

Fikra ya kwamba mwili ni mpinzani wa roho ni kongwe na ina hoja za kuheshimika. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Phaedo, Socrates anayekaribia kufa anauzungumzia mwili kama kizuizi kinachoivuruga nafsi inapotafuta ukweli. Evagrius wa Ponto, mtawa wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, aliutaja ulafi wa kwanza katika orodha yake ya mawazo manane yanayomshambulia mtawa. Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya Ulum al-Din kueleza namna ya kuyavunja matamanio mawili, la tumbo na la tupu. Wote hao waliona jambo la kweli: mtu asiyeweza kuliambia tumbo lake hapana atapata taabu kuziambia hivyo hasira yake, tamaa yake ya mali na woga wake.

Kosa huanzia pale nidhamu hiyo inapohamishwa kutoka kwenye tamaa ikaelekezwa kwenye nyama na mifupa, mwili wenyewe ukaadhibiwa kwa kuwa mwili. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, vijana wa kiume 36 walijitolea kukaa na njaa chini ya uangalizi wa mtafiti Ancel Keys. Walikuwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri, wengi wao wakitoka katika makanisa yanayopinga vita kama Waquaker, Wamennonite na Brethren, na walitaka mateso yao yasaidie kujua namna ya kuwalisha watu walioachwa na njaa kutokana na vita. Kwa wiki 24 walikula karibu nusu ya chakula walichozoea na kutembea kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza takribani robo ya uzito wao. Nguvu zilikwisha, furaha ikazimika, na mawazo yao yakatekwa na chakula: wengine walisoma vitabu vya mapishi kama msomaji wa riwaya, wengine waliramba sahani. Chakula kiliporudi, wengi walikula bila kushiba, na mafuta yalirejea mwilini upesi kuliko misuli.

Vijana hao walikuwa na nia safi na dini iliyokomaa. Ikiwa watu wa namna hiyo, wakitembea sana na kula kidogo mno, waliishia kutawaliwa na chakula kuliko walafi, basi njaa iliyozidi si mlango wa uhuru. Wakuu wa nyumba za watawa walilijua hilo karne nyingi kabla ya maabara. John Cassian, aliyeandika mafundisho ya wazee wa jangwani mwanzoni mwa karne ya 5, anaeleza kwamba kufunga kupita kiasi na ulafi huishia mahali pamoja, na kwamba kufunga kupita kiasi kumewaangusha hata watu ambao ulafi haukuwaweza. Al-Ghazali naye, baada ya kuisifu njaa kwa kurasa nyingi, anahitimisha kwamba lililo bora ni wastani: mtu ale kiasi ambacho hahisi uzito wa tumbo wala uchungu wa njaa.

Mwili ukiwa amana

Katika fikra ya Kiislamu iliyoenea mwambao wote wa Afrika Mashariki, amana ni kitu cha mwingine kilichowekwa mkononi mwa mtu ili akitunze mpaka kitakapotakiwa. Aliyekabidhiwa hana ruhusa ya kukiuza, kukivunja wala kukiacha kioze. Mwili umo katika amana hizo. Hadithi mashuhuri inamhusu Abdullah bin Amr bin al-As, sahaba kijana aliyekuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha. Mtume Muhammad alipopata habari alimzuia, akamweleza kwamba mwili wake, macho yake na mkewe wana haki juu yake. Lugha iliyotumika hapo ni ya sheria. Mwili umetajwa kama mdai, na mwenye mwili kama mdaiwa.

Ukristo umefika karibu na hapo kwa njia ya picha nyingine. Paulo, akiwaandikia watu wa Korintho, aliufananisha mwili wa mwamini na hekalu, akahitimisha kwamba waamini si mali yao wenyewe. Hekalu halivunjwi ili kumpendeza anayeabudiwa ndani yake, wala halijazwi takataka. Katika waraka huohuo Paulo alitumia mfano wa wakimbiaji na wapiganaji wa ngumi. Mfano huo ulieleweka mara moja, kwani michezo ya Isthmia ilifanyika karibu na Korintho kila baada ya miaka miwili, na wasomaji wake walijua mwanariadha anavyojinyima ili apate taji la majani linalonyauka.

Dai la amana linabadilisha hesabu nzima ya kupungua. Mwenye kuuona mwili kuwa adui hufurahia kila kilo inayoondoka, maana kila kilo ni ya adui. Mwenye kuuona kuwa mali yake huangalia kioo na harusi ya mwezi ujao. Mlinzi wa amana huuliza swali gumu zaidi: kipi ni ziada na kipi ni haki? Mafuta yaliyorundikana ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na kupandisha sukari na shinikizo la damu, ni ziada inayoila amana. Misuli ya mapaja, uimara wa mifupa na nguvu ya moyo ni haki yake. Mbio zinasaidia kuondoa ziada na kuupa moyo sehemu yake. Vyuma vinalinda haki ya misuli na mifupa. Aliyechagua moja tu amelipa deni moja akaliacha jingine.

Kiasi na kipimo cha kila mtu

Neno kiasi lina kazi mbili katika Kiswahili. Sokoni ni kipimo cha kitu: kiasi gani cha unga, kiasi gani cha fedha. Katika orodha ya matunda ya Roho ndani ya Biblia ya Kiswahili ya Union Version, neno hilohilo limetumika kwa maana ya kujitawala. Lugha imekwisha kuunganisha mambo ambayo wanafalsafa walihitaji vitabu kuyaunganisha: kujitawala ni kujua kipimo.

Aristotle alifundisha katika Maadili ya Nikomako kwamba mazoezi yaliyozidi na yaliyopungua yote huharibu nguvu, kama vile chakula kingi na kichache huharibu afya. Akaongeza kwamba wastani haupatikani kwa kugawa kwa mbili. Alimtaja Milo wa Croton, mpiga mieleka wa karne ya 6 kabla ya Kristo: chakula kinachomtosha Milo ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi. Kipimo hufuata mtu. Karne nne baada ya Aristotle, Seneca, katika barua yake ya 15 kwa rafiki yake Lucilius, alimshauri mtu mwenye shughuli za akili achague mazoezi mafupi yanayochosha mwili upesi na kuokoa muda, akataja kukimbia, kuzungusha mikono iliyoshika uzito, na kuruka. Mchanganyiko unaoonekana mpya katika jimu za leo ulikwisha kuwa shauri la mwanafalsafa Mstoa wa Roma.

Kwa mtu wa kilo 120 aliyekaa miaka mingi bila mazoezi, kiasi maana yake ni kuanza na kutembea kabla ya kukimbia. Kwa watu wanene wenye magoti yaliyolika, kila kilo inayopungua huondoa takribani kilo nne za mzigo unaolikandamiza goti katika kila hatua, na goti linalopewa mbio mapema mno hudai fidia. Dakika 20 za kutembea siku tano za wiki, zikiongezwa kidogo kidogo mpaka zipite dakika 250 kwa wiki, ni njia iliyo salama kwa wengi. Mazoezi ya nguvu siku mbili au tatu yanaweza kuanza na kuinuka kitini bila kutumia mikono, kujisukuma ukutani na kunyanyua dumu lililojaa nusu. Mzigo huongezwa pale tu wa awali unapokuwa mwepesi. Mwenye kisukari au shinikizo la damu huanza kwa kumwona daktari, kwa kuwa mwili unapopungua na kipimo cha dawa huhitaji kubadilika.

Utashi, lawama na rehema

Swali linalofuata ni la uwajibikaji. Je, mtu mnene amekosa utashi? Aristotle alitenganisha watu wa hali nne: mwenye kiasi, ambaye hatamani kinachomdhuru, anayejizuia, ambaye anatamani lakini anashinda, anayeshindwa, ambaye anajua lililo jema na bado anaacha kulitenda, na asiye na kiasi kabisa, ambaye anaona tamaa yake ndiyo haki. Watu wengi wanaotafuta kupungua wako katika hali ya pili na ya tatu, wakihama kutoka moja kwenda nyingine kati ya asubuhi na usiku. Kuwahesabu kuwa watu wa hali ya nne ni dhuluma.

Elimu ya mwili inaongeza sababu za kutohukumu. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman huko New York ilitangaza kugundua jeni ya leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta na kuuarifu ubongo juu ya akiba iliyopo. Mafuta yakipungua, leptini hushuka na njaa hupanda. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake walichapisha habari za washiriki 14 wa shindano la televisheni la Marekani, The Biggest Loser, ambao kwa chakula kidogo na mazoezi makali walikuwa wamepoteza wastani wa kilo 58. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha wastani wa kilo 41, na miili yao ikiwa imepumzika ilitumia takribani kilokalori 500 kwa siku pungufu ya zilizotarajiwa kwa miili ya ukubwa huo. Hata mazoezi yana mpaka wake. Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, hutembea kilomita nyingi kila siku wakiwinda na kuchimba mizizi. Herman Pontzer na wenzake walipopima nishati wanayotumia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waliikuta, kwa kuzingatia ukubwa wa miili, iko karibu sawa na ya watu wa Marekani na Ulaya. Mwili hupanga bajeti yake na kufidia panapotumika zaidi.

Haya hayaufuti wajibu, ila yanauweka mahali pake. Mtu hawajibiki kwa namba ya mizani, ambayo baadhi ya sababu zake hazimo mkononi mwake. Anawajibika kwa yaliyo katika uwezo wake: kutoka nje asubuhi, kulinyanyua dumu, kuacha soda, kulala mapema. Jamii nayo ina wajibu wake wa ulimi. Katika Afrika Mashariki maana ya unene imebadilika zaidi ya mara moja. Kitambi kilihesabiwa kuwa dalili ya neema, na mwanamke aliyenawiri alisifiwa kwa kutunzwa. Katika miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI uliposambaa na nchini Uganda ukapewa jina la slim, kukonda kuliogopesha watu, na aliyepungua kwa hiari yake alilazimika kujieleza. Leo unene unachekwa hadharani. Mwili uleule umesifiwa na kudhihakiwa kwa nyakati tofauti, jambo linaloonyesha jinsi hukumu hizo zisivyo na msingi. Mapokezi ya Hadithi yana mfano wa njia nyingine: Bi Aisha, mke wa Mtume, alisimulia mwenyewe kwamba alishindana mbio na Mtume akamshinda, na baadaye, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena akashindwa. Kunenepa kumetajwa hapo waziwazi, bila aibu, ndani ya simulizi la upendo.

Hatari ya kuabudu mwili

Anayefanikiwa kupungua hukutana na jaribu ambalo hakulijua alipokuwa mnene. Mwili uliokuwa ukifichwa huanza kuonyeshwa. Mazoezi yaliyokuwa malipo ya deni huwa madai ya sifa, na anayekimbia kilomita 10 huanza kumdharau anayehema baada ya hatua 200. Wanazuoni wa Kiislamu huiita hali ya kutenda jema ili watu waone riya, na huiogopa kwa kuwa hula thawabu kutoka ndani. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unakubali kwamba mazoezi ya mwili yana faida, ila unaiwekea faida hiyo mpaka mbele ya utauwa. Plato naye, katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, alionya kwamba aliyelelewa kwa mazoezi ya viungo pekee huwa mkali na mgumu, na aliyelelewa kwa muziki na ushairi pekee huwa legelege. Vyote viwili, kwa maoni yake, vimewekwa kwa ajili ya nafsi.

Alama ya kutambua kama mtu angali mlinzi wa amana au amegeuka mwabudu sanamu ni jinsi anavyopokea siku ya ugonjwa. Mlinzi hupumzika, kwa sababu pumziko ni haki nyingine ya mwili. Mwabudu hushikwa na hofu, hujilazimisha, na huona siku moja bila vyuma kama dhambi. Alama ya pili ni matumizi ya nguvu zilizopatikana: kama zinabaki kwenye kioo, au zinambeba mzazi mgonjwa kitandani, zinachota maji ya jirani, zinasimama foleni bila hasira.

Udumifu

Kupunguza kilo nyingi huchukua mwaka au zaidi. Kubaki chini huchukua maisha. Uchunguzi wa baadaye wa walewale washiriki 14 wa The Biggest Loser ulionyesha kwamba waliofaulu kutorudisha uzito walikuwa, kwa jumla, walioongeza shughuli za mwili zaidi na kuzidumisha. Mazoezi, ambayo hayana nguvu sana ya kuanzisha kupungua bila msaada wa chakula, yana nguvu kubwa katika kulinda kilichopatikana. Mafundisho ya Mtume kwamba amali inayopendwa zaidi na Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo, yanakutana hapa na matokeo ya utafiti. Aristotle alisema vivyo hivyo kuhusu tabia: mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na huwa mwenye kiasi kwa kutenda ya kiasi, mpaka kujizuia kukome kuwa vita vya kila siku.

Mafanikio ya kazi hii hupimwa vizuri zaidi mahali ambapo mizani haifiki. Mtu wa kilo 120 mwenye magoti yanayouma mara nyingi huswali akiwa ameketi kitini, mwisho wa safu, na mwenzake Mkristo hubaki ameketi waumini wengine wanapopiga magoti. Kushuka mpaka sakafuni si tatizo kubwa. Kuinuka ndiko kunakoshinda, kwa maana mapaja hayana nguvu ya kuubeba mwili na pumzi hukatika. Miezi ya kutembea humrudishia pumzi. Miezi ya dumu humrudishia mapaja, na mafuta yaliyoondoka huwa yamelipunguzia goti mzigo. Siku moja hukiacha kiti, huweka paji la uso chini, kisha huinuka bila kushika ukuta.